Usiku Ukifungwa, Mgeni Gani Hubisha Hodi?



Ndugu msomaji, huenda unayasoma haya baada ya futari, tumbo limetulia, unangoja adhana ya Isha uende Tarawehe. Basi nipe dakika chache za wakati huo. Nataka tuzungumze juu ya usiku. Si usiku wa ibada, huo masheikh wetu washaueleza vizuri. Nataka usiku wa biashara.

Kila mwaka mwezi huu ukiingia, maneno ni yale yale barazani. Mmoja atasema, "Hawa wenye mabaa wangefunga walau mwezi huu mmoja." Mwengine atamjibu papo hapo, "Wafunge, watalii wakimbie, halafu sisi tule nini?" Hapo wote hunyamaza. Yule wa pili ana nduguye anayefanya kazi hotelini, na wa kwanza pia anaye.

Hayo maneno mawili, "watalii watakimbia", yamefunga midomo ya wengi pwani yetu, wazee kwa vijana. Ukitaja kelele za disko karibu na msikiti, unaambiwa unaharibu riziki za watu. Ukitaja binti za watu wanaozurura ufuoni usiku wa manane, unaambiwa utalii ndio uti wa mgongo. Lakini je, ni kweli kwamba mji ukizuia starehe za usiku, wageni hukimbia? Au huja wageni wengine? Hebu tuulize historia, maana historia haina hoteli ya kuitetea.

WAGENI HATUKUANZA KUWAPOKEA JANA

Mwaka 1331 alipita pwani yetu mtalii ambaye ulimwengu mzima wamjua, Ibn Battuta, mtu wa Tangier, Morocco. Alianzia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea hadi Kilwa. Kuhusu Mombasa alieleza kwamba watu wake ni Mashafii, wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao, na chakula chao ni ndizi na samaki.

Lakini la kututia hamu zaidi ni aliloliona Mogadishu. Anasimulia kwamba meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliifuata kwa vijahazi vidogo, kila mmoja amebeba sinia la chakula lililofunikwa. Kila kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sinia lake na kusema huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mgeni yule alilala nyumbani kwa mwenyeji wake, na mali yake ikauzwa kwa mkono wa mwenyeji huyo. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwepo haikuhesabiwa.

Fikiria jambo hilo kidogo. Vijana wanaokwenda kumpokea mgeni ufuoni hawakuanza na enzi zetu. Tofauti ni hii: kijana wa wakati ule alikwenda akiwa mwenyeji mwenye nyumba, na mgeni aliingia chini ya adabu ya nyumba ile. Kijana wa leo tunayemwita bichi boi huenda mikono mitupu, na mara nyingi mlango wa hoteli hata hauruhusiwi kwake. Basi mgeni ni yule yule wa baharini, lakini aliyemshika mkono ni nani? Swali hilo tutalirudia.

MALINDI NA LAMU

Sasa tuje karibu. Malindi na Lamu ni miji ya watu wamoja: lugha moja, dini moja, bahari moja. Ila ilichukua njia mbili mbalimbali.

Malindi, hoteli za kwanza za ufuoni zilijengwa miaka ya 1930, kwa ajili ya walowezi wa Kizungu waliotoka bara kuja kupunga upepo na kuvua samaki wakubwa. Miaka ya 1960 Waitaliano wakaja na mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti kule Ngomeni, na baadaye wenzao wakafuata kwa mapumziko. Miaka ya 1970 na 1980 ndege za kukodi zikawa zinashusha watu Mombasa moja kwa moja kutoka Ulaya. Mtalii wa ndege hizo amelipa kila kitu kwa mpigo: nauli, chumba, chakula. Amekuja wiki mbili, ana jua mchana, na jioni ataka pumbao. Basi yakaja madisko, kasino na mabaa ya kukesha, kuanzia Malindi, ukashuka Mtwapa, hadi Diani.

Lamu nako hakukuwa na barabara ya gari kisiwani, wala jengo la kukesha. Ni vichochoro, punda, na misikiti iliyokaribiana hata adhana zake zinaingiliana. Aliyetaka bia Amu miaka hiyo alikuwa na pahali pa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuna aliyeandika sheria kubwa ya kuzuia. Ilikuwa ni desturi ya mji: nani atampangishia nyumba mwenye baa, ilhali ukuta wake ni ukuta wa jirani yake na chuo cha Qur'ani ki hapo nyuma?

Je, wageni walikimbia? Walikuja. Kwanza, mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, wakaja mahipi, vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mifuko mitupu, wanaolala darini kwa senti chache na kuvuta bangi. Tusidanganyane: desturi ya mji haikumzuia mgeni huyu. Yeye hakutaka disko wala kasino, alitaka urahisi na pahali pasipo na wa kumuuliza. Wazee walilalamika juu ya mavazi yao na mwenendo wao, na walikuwa na haki. Hapa pana funzo la mapema: kufunga baa peke yake hakuchagui mgeni. Bei nayo huchagua, na macho ya mji nayo huchagua.

Mahipi walipopungua, wakaja watu wengine: watafiti, wachoraji, wapenda majengo ya kale, familia zilizochoka na kelele za miji yao. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lamu ni kituo cha elimu ya Kiislamu na utamaduni wa Kiswahili. Yaani lile ambalo tuliambiwa lingewafukuza wageni ndilo lililoupa mji jina.

Wala usisahau kwamba si kila mgeni ni Mzungu. Tangu zama za Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, Maulidi ya Lamu yamekuwa yakivuta watu kutoka Mombasa, Zanzibar, Komoro na kwengineko. Siku hizo nyumba za wageni hujaa, mashua hujaa, wapishi hukosa usingizi. Huo pia ni utalii, na hakuna hata chupa moja.

HESABU YA PANDE ZOTE MBILI

Tuwe waadilifu. Ufuo wa madisko umelisha watu wengi. Wapishi, madereva, wachonga vinyago, wavuvi wanaouza kamba hotelini: riziki zao ni za kweli, na watoto wamesomeshwa kwa pesa hizo. Qur'ani yenyewe, inapozungumzia ulevi na kamari, haikatai kwamba watu hupata manufaa humo. Inachotufundisha ni kuangalia upande wa pili wa mizani, ambako madhara ni makubwa zaidi.

Upande huo wa pili umewahi kupimwa. Mwaka 2006 serikali ya Kenya na UNICEF walitoa ripoti juu ya biashara ya ngono na watoto pwani. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakijiuza kwa nyakati fulani. Soma tena tarakimu hiyo. Hao si takwimu tu, ni dada zetu. Na ripoti ile ilisema jambo jengine ambalo sisi hatupendi kulitaja: ukiwapanga wateja kwa mataifa yao, kundi kubwa zaidi lilikuwa ni la Wakenya wenyewe. Kwa hiyo tusimtupie Mzungu kila kitu. Usiku ulipofunguliwa kwa jina la mtalii, tuliingia sisi pia.

Na wale wageni wa pumbao, je, walikuwa waaminifu kwetu? Baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997 na bomu la Kikambala mwaka 2002, walibadilisha ndege wakaenda kwengine. Mtu aliyefuata jua, bwawa na muziki huvipata pahali pengi duniani. Mji unaouza kilichoko kila pahali hauna budi kushindana kwa bei.

UTULIVU NAO UNA BEI

Lakini usifanye haraka kuisifu Lamu. Mgeni wa utulivu naye ana taabu yake.

Mwezi Januari 2000 palitokea kisa kilichoandikwa magazetini kote Ulaya. Mtu wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani, aliyekuwa akipumzika Lamu, aligombana na Mjerumani mwenzake mwenye hoteli kisiwani Manda. Sababu ni nini? Kelele za muziki na mataa ya disko usiku! Palipigwa mtu, kesi ikavuka bahari, mahakama za Ujerumani zikaishughulikia kwa miaka, na yule wa ukoo wa kifalme akapatikana na hatia. Kumpiga mtu ni makosa, hilo halina mjadala. Lakini ona ajabu yake: hapa kwetu twaambiwa mtalii bila disko hakai, na kule mtalii tajiri ampiga mwenziwe kwa sababu ya disko.

Sasa, mgeni wa aina hiyo akiupenda utulivu, hafanyi kama yule wa wiki mbili. Hununua nyumba. Nenda Shela uone. Nyumba nyingi za mawe za kale zimepita mikononi mwa wageni. Waliziziba nyufa, wakazipaka chokaa, zikapendeza, wakawapa mafundi na watumishi wetu kazi. Lakini bei ya ardhi ikapanda hata kijana wa Shela aliyetaka kuoa akawa hana pa kujenga. Wenye nyumba walipokea pesa zilizoonekana nyingi siku ile, na baada ya miaka michache zimekwisha, na nyumba ya babu haipo. Utulivu ule uliotengenezwa na wazee wetu kwa desturi yao uliuzwa, na faida akabaki nayo aliyenunua.

Na pombe je? Siku hizi kuna baa inayoelea mkondoni baina ya Lamu na Manda. Mji haukuiweka nchi kavu, basi ikawekwa majini. Kumbuka jambo hilo, tutakutana na mfano wake mbali.

KAFYU SI UTULIVU

Kuna jengine la kutenganisha kabla hatujasafiri. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya sitini wakauawa. Mwezi Julai serikali ikatangaza kafyu Lamu, kuanzia machweo hadi asubuhi, na Ramadhan ya mwaka ule ilikuwa katika kumi lake la mwisho. Wavuvi wanaotegemea bahari ya usiku wakakaa nyumbani, na hoteli, ambazo tangu utekaji wa wageni wa mwaka 2011 zilikuwa zimepoteza watu, zikazidi kuwa tupu.

Usiku ulifungwa kabisa, na mgeni wa utulivu hakuja. Kwa nini? Kwa sababu alichokuwa akikifuata si ukimya wa hofu. Alitaka mji ambao watu wake wapo nje usiku: wazee barazani, watoto wanatoka chuoni, akina mama wanauza viazi vya karai na mishikaki inanukia. Desturi huacha usiku ukiwa hai na kuondoa fujo. Kafyu huondoa vyote. Asiyetofautisha mambo hayo mawili ataharibu mji kwa nia njema.

WENZETU WA MALDIVI

Sasa tumrudie Ibn Battuta. Miaka kama kumi na miwili baada ya kupita kwetu, alifika visiwa vya Maldivi, katikati ya Bahari ya Hindi, nchi iliyokuwa ya Kiislamu tangu mwaka 1153. Wakamfanya kadhi. Alihimiza watu waswali, akajaribu kubadilisha mavazi ya wanawake wa huko, na kwa hilo la mwisho mwenyewe alikiri kwamba alishindwa. Nchi hiyo leo ndiyo mtihani mkubwa wa swali letu, kwa sababu ulevi umepigwa marufuku kwa wenyeji, na bado nchi inaishi kwa utalii.

Miaka ya 1960 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikwenda wakatazama, wakasema utalii hauwezekani Maldivi. Mwaka 1972, baada ya Muitaliano mmoja mwenye biashara ya safari kuleta kundi la kwanza, hoteli ya Kurumba ikafunguliwa. Mwaka ule wageni walikuwa kama elfu moja tu. Mwaka 2024 walipita milioni mbili, katika nchi yenye watu takriban nusu milioni.

Walifanyaje? Waliitenga starehe. Kila hoteli iliwekwa kisiwani peke yake, kisiwa kisichokuwa na wenyeji. Humo mgeni anaruhusiwa pombe na mavazi yake. Katika visiwa wanavyoishi watu, hakuna. Katikati ya miaka ya 1980 wageni wakakatazwa hata kulala katika vijiji vya wenyeji. Mtalii wa mkoba mgongoni, aliyelala nyumba za watu kwa bei nafuu, akafungiwa mlango. Waliobaki ni wanaoweza kulipa kisiwa kizima: wanandoa wa fungate, wazamiaji, matajiri. Watafuta disko la mjini hawakuja, maana mji wenyewe hauna disko.

Basi sera ile ilichagua mgeni, tena ilichagua sawasawa. Lakini hesabu ilimwangukia nani? Wenye mikataba ya visiwa walikuwa wachache, na wakatajirika. Mtu wa kijijini aliwaona wageni kwa mbali, ndege inapita juu ya kichwa chake. Kijana aliyepata kazi hotelini aliishi mbali na wazazi miezi kwa miezi, pahali penye pombe, na familia nyingi zikakataa kuwapeleka binti zao huko. Desemba 2011 watu waliandamana katika mji mkuu wa Malé kutetea dini, na mwisho wa mwezi ule serikali ikaamuru spa za mahoteli zifungwe. Hazikupita siku nyingi amri ikaondolewa. Utafungaje kisima unachonywea?

Mabadiliko ya kweli yalikuja kwa njia nyengine. Mwisho wa miaka ya 2000 sheria ikalegezwa, wenyeji wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni vijijini mwao. Kisiwa cha Maafushi, ambacho kwanza kilijulikana kwa jela yake, kuanzia 2010 kikaanza kupokea watu, na leo nyumba za wageni ni kadhaa wa kadhaa. Hakuna pombe, hakuna nguruwe, adhana inasikika, na kwa waogeleaji pametengwa ufuo wao wenye uzio. Na wageni wapo! Si matajiri wa fungate. Ni familia, vijana wa kipato cha kadiri, Waislamu wa nchi nyengine. Kilichobadilika si kwamba usiku ulifunguliwa. Kilichobadilika ni kwamba mwenyeji alipata kitanda cha kukodisha.

Na doa halikukosa: nje ya kisiwa zimetia nanga mashua zinazouza pombe, mgeni hupelekwa na kurudishwa. Ile baa ya mkondoni Lamu ina ndugu zake kule.

BASI SISI?

Ndugu msomaji, nimekuzungusha bahari nzima ili nikwambie jambo moja. Kuzuia starehe za usiku hakuwakimbizi wageni wote. Wengine huenda, wengine huja. Kuna hasara, tena ya kweli, kwa aliyekuwa akila kwa wale walioondoka, na anayesema hakuna hasara anakudanganya. Lakini mji unaojua unataka mgeni gani unaweza kumpata, kwa sharti mwenyeji awe ameshika kitanda, mashua na bei. Akishindwa hilo, ufuo wa disko utamla, na ufuo wa utulivu utamla vile vile, ila polepole.

Kwa hiyo wewe kijana, mambo matatu. Kwanza, leseni za vileo chini ya Katiba ya 2010 ziko mikononi mwa kaunti. Baa ikiombewa leseni karibu na madrasa yenu, mkaazi ana nafasi ya kuandika na kupinga. Wangapi miongoni mwetu wamewahi kuandika? Tunalalamika Ijumaa, Jumatatu tumesahau. Pili, jifunze kazi ya mgeni: lugha, historia ya mji wako, upishi, hesabu. Uwe yule kijana wa sinia, mwenye nyumba nyuma yake. Tatu, mkiwa mna nyumba ya urithi, kaeni kitako kama familia kabla ya kuiuza. Ipangisheni, iendesheni, iwe ndogo hata vyumba viwili.

Na wewe mzazi, mwanao akija na kazi ya usiku, usimuulize mshahara peke yake. Muulize anahudumia nini, na anarudi saa ngapi.

Usiku wa Ramadhan watufundisha kwamba mji unaweza kukesha bila ya ulevi. Toka leo baada ya Tarawehe utazame: mataa yamewaka, watu wanaamkiana, biashara inakwenda, mtoto mdogo anatumwa dukani saa nne za usiku na mamake hana wasiwasi. Usiku kama huo mgeni muungwana hulipa nauli aje auone. Sisi tunao kila mwaka, bure.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, atuhifadhie miji yetu na watoto wetu, na atupe riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.